Maswali ya Wasomaji: Watoto Wadogo na Majira ya Baridi

Katika toleo hili tumechagua barua nne zinazohusu watoto wadogo na baridi. Tatu zimetoka ng'ambo, ambako sasa ni majira ya theluji, na ya nne imetoka Njombe, ambako kipupwe bado kiko mbali lakini mwandishi wake amefanya vyema kuuliza mapema.

*Ndugu Mhariri, salaam. Tulihamia Minneapolis kutoka Tanga mwezi Agosti, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi minane. Tangu theluji ianze kuanguka siwatoi nje ila kwa lazima, kwa kuwa mama yangu hunipigia simu na kunisihi nisiwaweke kwenye baridi, wasije wakashikwa na kichomi. Mkubwa hushinda akirukaruka juu ya makochi, na mdogo hulala amevaa kofia na soksi, akiwa amefunikwa blanketi mbili, lakini mafua hayamwishi. Niwakinge vipi zaidi?*
*Mama wa wawili, Minneapolis, Marekani*

Pokea pole kwanza, ndugu msomaji, kwa maana mtu wa Tanga huvaa sweta anapopanda Lushoto tu, na wewe umehamia katika mji ambao wastani wa joto la Januari ni karibu nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Hata hivyo, barua yako yenyewe inaonyesha kwamba watoto hawa hawajapungukiwa kinga, wamezidishiwa. Katika barua zote nne zilizo mezani kwetu, baridi ina hatari ndogo kuliko baadhi ya njia zinazotumika kuikimbia, na ndiyo sababu tumeziweka pamoja.

Mama yako ana haki ya kuhofu, kwa sababu ni kweli kwamba mafua na vifua huongezeka majira hayo. Lakini maradhi hayo huletwa na vimelea, hasa virusi, na virusi hupita kwa urahisi zaidi pale watu wanapojazana ndani, madirisha yakiwa yamefungwa na hewa ikiwa imekaushwa na hita. Mtoto anayecheza uani kwa nusu saa haambukizwi na theluji. Huambukizwa na binamu aliyekuja kutembea Jumapili huku akipiga chafya. Mwambie bibi yao, kwa heshima zote, kwamba kuwafungia ndani mchana kutwa hakuwaepushi na mafua. Kinachosaidia ni kunawa mikono, kufungua dirisha kwa dakika chache kila siku, na chanjo ya homa ya mafua, ambayo hutolewa kuanzia umri wa miezi 6, kwa hiyo watoto wako wote wawili wanaistahili. Muulize daktari pia kuhusu kinga dhidi ya RSV, virusi vinavyoshambulia vifua vya watoto wadogo. Ni kinga ambayo watoto wachanga nchini Marekani walianza kupewa mwaka 2023.

Kikohozi cha kawaida kisikutishe. Mpeleke mdogo hospitali bila kungoja kesho ukiona anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au anakataa kunyonya. Asali, ambayo bibi yeyote ataitaja, inamfaa yule wa miaka minne, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe hata kidogo, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli, ambavyo utumbo wake bado hauvimudu.

Tuje kwenye mavazi, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wa nchi za baridi hupoteza fedha na utulivu. Koti moja nene sana juu ya fulana ya pamba halifai kama nguo tatu nyepesi zilizopangwa vizuri. Inayogusa ngozi iwe ya sufu laini au ya kitambaa cha michezo, kwa kuwa pamba hunywa jasho na kubaki na unyevu, na unyevu huo ndio unaompoza mtoto. Ya pili iwe sweta. Ya juu kabisa iwe ovaroli ya theluji isiyopitisha maji wala upepo. Watoto wakuao huacha ovaroli hizo zikiwa bado mpya, kwa hiyo maduka ya mitumba ya huko huzipanga kwa wingi na hakuna haja ya kununua ya dukani. Utaratibu wa kuvaa nao una maana yake: wote waende chooni kwanza, kisha wewe uvae, halafu mkubwa, na mdogo awe wa mwisho, la sivyo atalowa jasho sebuleni kabla hamjafika mlangoni. Mkiwa nje, usimpime kwa mikono yake, kwa kuwa mikono ya mtoto hupoa hata akiwa salama. Ingiza vidole nyuma ya shingo yake. Pakiwa na uvuguvugu mkavu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, umemvika kupita kiasi. Siku ambazo upepo unaifanya baridi ihisiwe kama nyuzi 28 chini ya sifuri au zaidi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na siku hizo kaeni ndani bila kujilaumu.

Jambo moja hukuliuliza, nasi hatuwezi kuliacha lipite. Ovaroli nene na makoti yaliyojazwa pamba au manyoya hayavaliwi ndani ya kiti cha mtoto cha gari. Gari linapogonga, ule unene hunywea mara moja, na mikanda uliyodhani imembana inabaki imelegea kiasi cha mtoto kuweza kuchomoka. Mfunge akiwa na sweta tu, kisha jaribu kuufinya ukanda begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea na uvute tena. Baada ya hapo mgeuzie koti lake mbele nyuma, mikono ikiingia kwenye mikono ya koti na mgongo wa koti ukiwa kifuani, au mfunike blanketi juu ya mikanda. Gari likipata joto, utaliondoa bila kumfungua.

Kuhusu usingizi wa mdogo, vua kofia leo hii. Mtoto mchanga hupoteza joto la ziada kupitia kichwani, na madaktari wa watoto huhusisha joto kupita kiasi, pamoja na blanketi zilizo huru kitandani, na vifo vya ghafla vya usingizini katika mwaka wa kwanza. Chumba chenye nyuzi 18 hadi 20 kinamtosha akiwa na nguo za kulalia na mfuko wa kulalia unaofungwa kwa zipu, ambao hauwezi kumpanda usoni. Na ngozi zao zikikauka na kupauka, waogeshe kwa maji vuguvugu kwa muda mfupi, kisha uwapake mafuta ya mgando wakiwa bado na unyevu.

*Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Uvira ninayeishi Helsinki. Tuna mtoto wa miezi mitano. Muuguzi wa kliniki ya watoto alimwambia mke wangu kwamba anaweza kumlaza mtoto nje, kwenye baraza ya ghorofa, ndani ya kigari, hata kukiwa na barafu. Mke wangu alirudi nyumbani akilia, akaniuliza kama watu hawa wana huruma. Je, ni lazima tufuate?*
*Baba wa Uvira, Helsinki, Finland*

Si lazima, na mpe mke wako pole, lakini mwambie pia kwamba muuguzi hakumkusudia mabaya. Kulaza watoto nje mchana ni desturi ya vizazi vingi huko Finland, Sweden, Norway na Denmark, na wenyeji husema mtoto hulala muda mrefu zaidi akiwa kwenye hewa safi. Taifa lenyewe limejiandaa kwa jambo hilo. Tangu mwaka 1938 serikali ya Finland imekuwa ikitoa kisanduku cha uzazi, kwanza kwa akina mama wenye kipato kidogo na kuanzia mwaka 1949 kwa wote, na katika sanduku la siku hizi huwamo ovaroli ya theluji na mfuko wa kulalia. Mkitaka kujaribu, anzeni na siku isiyo na upepo, kwa muda mfupi, mtoto akiwa amevikwa sufu, uso wake ukiwa wazi, na mzazi akiwa karibu kiasi cha kumsikia. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, wenyeji wengi nao humwacha ndani. Msipopenda, matembezi ya kigari yanatosha, na hakuna atakayewaona kuwa wazazi wabaya.

Ambalo si la hiari ni matone ya vitamini D. Mwishoni mwa Desemba mchana wa Helsinki hudumu kwa muda usiotimia saa sita, na jua lenyewe hukaa chini mno kuweza kuufanya mwili utengeneze vitamini hiyo. Ngozi yetu nyeusi, ambayo Uvira ilikuwa kinga, huhitaji jua zaidi kuliko ngozi ya jirani yenu ili kutengeneza kiasi kile kile. Finland inashauri mtoto aanze matone hayo akiwa na wiki mbili, na kipimo cha kawaida kwa mtoto anayenyonya ni mikrogramu 10 kila siku. Familia inayoyaacha kwa kuona kwamba maziwa ya mama yanatosha inamweka mtoto katika hatari ya matege.

*Salaam. Mfumo wa joto katika nyumba tuliyopanga umeharibika kwa siku kadhaa na mwenye nyumba anapiga danadana. Tunawasha oveni ya gesi na kuacha mlango wake wazi ili watoto wapate joto. Kuna ubaya?*
*Baba wa watatu, Saint Paul, Marekani*

Upo, na mkubwa. Zima oveni kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Oveni ya gesi haikutengenezwa kupasha chumba joto, na inapoachwa wazi kwa saa nyingi inaweza kutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu tutakayoieleza zaidi katika jibu linalofuata, mbali na hatari ya mtoto kuungua. Hakikisha king'ora cha gesi hiyo kipo karibu na vyumba vya kulala na kinafanya kazi, kwani sheria ya jimbo lenu la Minnesota inadai kiwepo.

Wala usiendelee kumbembeleza mwenye nyumba. Sheria ya jimbo hilo inamtaka atoe joto lisilopungua nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani nyuzi 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Piga picha ya kipimajoto ukutani, mwandikie ujumbe wenye tarehe, kisha uwaite wakaguzi wa nyumba wa manispaa. Huku ukisubiri, familia nzima ilale chumba kimoja, na kama mna hita ya umeme, ichomekwe moja kwa moja ukutani bila waya wa kuongezea, umbali wa mita moja kutoka kwenye mapazia na magodoro.

*Shikamoo Mhariri. Tuna mtoto wa mwezi mmoja, na nahofia Juni na Julai. Kwa kawaida mume wangu huingiza jiko la mkaa chumbani usiku, lakini hungoja kwanza moshi uishe na mkaa ushike vizuri, na huacha dirisha wazi kidogo. Mama mkwe anasema ndivyo alivyowalea watoto wake wote na hakuna aliyedhurika. Nami sitaki kumvunjia heshima.*
*Mama mchanga, Njombe*

Marahaba, mwanangu. Jiko lisiingie chumbani. Njombe asubuhi za Julai hushuka chini ya nyuzi 10, na hatuwezi kukuambia kwamba baridi hiyo ni ya kudharau, lakini mkaa ulioshika vizuri ndio unaotoa gesi ya kaboni monoksidi kwa wingi bila kuonekana. Moshi ungekuonya kwa kukuwasha macho. Gesi hii haina rangi, haina harufu, na huingia kwenye chembe nyekundu za damu na kushika nafasi ya oksijeni kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu aliyeamka huhisi kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hahisi kitu, na mtoto mchanga, ambaye hupumua haraka kuliko wewe, huipata mapema zaidi. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi, na mkaa uliofunikwa na majivu huendelea kuitoa kwa saa nyingi.

Mama mkwe hasemi uongo, na unaweza kumjibu bila kumkosea. Nyumba nyingi za zamani ziliezekwa kwa nyasi, na kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi ambayo hewa ilipita usiku kucha. Chumba chenu, kama ni cha tofali, kina dari na madirisha ya vioo, na pengine mmeziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu. Mwombe mume wako amweleze hivyo yeye mwenyewe, kwa kuwa neno la mwanawe litapokelewa vizuri kuliko lako.

Chumba kisipokuwa na moto, mnaweza kufunga madirisha bila hofu. Chemsha maji jikoni, jaza chupa ya maji ya moto, ifunge kwa taulo na kuiweka pale mtoto atakapolala kwa muda wa kama nusu saa, kisha iondoe kabla hujamlaza. Mvike nguo mbili au tatu nyepesi zinazombana vizuri badala ya blanketi zito. Anapoonekana amepoa, mweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi, na mjifunike kitenge na sweta huku ukiwa macho. Muogeshe saa saba mchana, jua likiwa kali, na si alfajiri.

Waambie pia wengine wa nyumbani kwamba wakikuta watu wamelala na hawaamki katika chumba chenye jiko, wafungue mlango na madirisha yote, wawatoe nje mara moja, jiko litolewe baadaye, na wawawahishe hospitali hata kama wameshazinduka. Mtu wa kwanza watakayemkuta pale hospitali aambiwe wazi kwamba chumbani kulikuwa na mkaa, kwa kuwa dalili zake hufanana na za malaria, na asipojua hataanza na oksijeni.