Njia ya kurudi nayo iandikwe

Ndugu, umeuliza kwa nini kompyuta za ofisi yako ya Dodoma mjini hazipati jibu kutoka tawi la Kongwa, ilhali umekwisha kuandika njia tuli kwenye ruta ya Dodoma, yaani kifaa kinachopitisha data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Njia tuli ni maelekezo ambayo msimamizi huyaandika kwa mkono: huitajia ruta mtandao wa mbali, tuseme 192.168.20.0/24 ulioko Kongwa (/24 ni idadi ya biti za mwanzo za anwani zinazoutambulisha mtandao), pamoja na anwani ya ruta jirani itakayopokea pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, tuseme 10.0.0.2. Pakiti inapofika, ruta husoma anwani inakokwenda, huitafuta kwenye jedwali lake la njia, na zikilingana nayo njia zaidi ya moja huchagua iliyo mahususi zaidi, yaani yenye namba kubwa zaidi baada ya mkwaju. Ndiyo maana /24 huishinda 0.0.0.0/0, njia inayopokea kila kisicho na njia yake.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kusahau kwamba ulichoandika Dodoma hakiifundishi ruta ya Kongwa chochote. Pakiti yako huenda inafika salama kabisa, lakini jibu linapotakiwa kurudi kwenye mtandao wako wa Dodoma, tuseme 192.168.10.0/24, ruta ya Kongwa haijui pa kulipeleka, hivyo hulitupa, au hulisukuma kuelekea intaneti, ambako anwani za faragha kama hizi, za matumizi ya ndani tu, hazipitishwi. Andika huko njia ya kurudi kupitia anwani ya ruta yako ya Dodoma, tuseme 10.0.0.1, kisha ujaribu tena. Kumbuka pia kwamba njia tuli haijirekebishi: kiungo kikikatika mbele ya ruta jirani, ruta yako itaendelea kutuma pakiti kulekule.