Mnunulie kiti chake

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa makini, kwa sababu nayajua yanayokusumbua. Umeniuliza mambo matatu. Je, ni busara kumpandisha mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili daraja la biashara kwa safari ya saa 13 angani? Je, mumpakate ili muokoe nauli ya kiti kimoja, kama anavyopendekeza mumeo? Na je, abiria wengine hawatawatazama kwa jicho baya? Umeniuliza mimi kwa kuwa nimefanya kazi ya uhudumu wa ndege miaka yote ya utoto wako, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa kule mbele, kwenye daraja hilo hilo la biashara. Nitaanza na swali la pili, maana ndilo zito.

Msimpakate. Mnunulieni kiti chake.

Najua sheria inaruhusu. Mashirika mengi humhesabu mtoto wa chini ya miaka miwili kuwa wa kupakatwa, na katika safari za kimataifa mara nyingi hutoza asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Ila asilimia hiyo hupigwa kwenye nauli ya daraja mtakalokaa. Sehemu ya kumi ya tiketi ya daraja la biashara si hela ndogo, na ukishailipa bado mtoto hana pa kukaa. Jambo la pili: umesema mjukuu wangu atatimiza miaka miwili mkiwa huko mwendako. Umri unaoangaliwa ni wa siku ya kusafiri, siku ya kukata tiketi haihesabiki. Wakati wa kurudi atatakiwa kuwa na kiti chake, mpende msipende. Kwa hiyo mnachobishania wewe na mumeo ni kiti cha kwenda tu.

Lakini hata fedha zingekuwa hazina shida, ningekwambia hivyo hivyo. Ndege ya United namba 232, aina ya DC-10, ilianguka Sioux City, Iowa, tarehe 19 Julai 1989. Ilikuwa na watu 296, na 184 kati yao walinusurika. Ndani yake mlikuwa na watoto wanne wa kupakatwa. Utaratibu wa wakati ule uliwataka wazazi wawalaze watoto sakafuni na kuwashikilia, kwa hiyo mkuu wa wahudumu, Jan Brown, aliwaelekeza wafanye hivyo. Ndege ilipopiga ardhi mikono haikutosha kuwashikilia wote. Mmoja wa watoto wale alikufa, na mama yake alikutana na Brown nje ya mabaki akiwa anataka kurudi ndani kumtafuta. Jan Brown alitumia miaka mingi baada ya hapo akidai kila mtoto awe na kiti na mkanda wake. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilipendekeza hivyo mwaka 1990. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, imekataa kulazimisha, kwa hoja kwamba gharama ya kiti itawasukuma wazazi wasafiri kwa gari, na barabarani watoto watakufa wengi zaidi. Hoja hiyo ina maana kwa sera ya nchi. Kwako wewe haina maana, kwa sababu hamwendi kwa gari.

Ajali kama ile ni nadra sana, na sikuandikii ili usilale. Kinachotokea mara kwa mara ni misukosuko ya hewa. Mwezi Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyokuwa ikitoka London ilikumbwa na msukosuko ambao sehemu yake mbaya, kwa mujibu wa wachunguzi, ilichukua sekunde 4.6. Katika sekunde hizo ilishuka futi 178. Abiria mmoja alifariki na wengi waliumia, hasa waliokuwa hawajafunga mikanda. Hebu fikiria umemlaza mtoto kifuani, wewe umefunga mkanda, yeye hajafunga. Usingizi wako hauwezi kumshikilia.

Sasa nije kwenye daraja lenyewe, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapokosa habari kabla ya kulipa. Kiti cha daraja la biashara kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima mmoja anayetaka kuachwa peke yake. Katika daraja la kawaida unainua egemeo la mkono, viti viwili vinakuwa kimoja, na mtoto analaza kichwa mapajani mwako. Kule mbele egemeo haliinuki. Kati yako na jirani kuna meza, kabati dogo, taa, mara nyingine ukuta mzima. Ukikaa kiti cha dirishani kwenye ndege iliyopangwa kiti kimoja kimoja pembeni na viwili katikati, mtoto wako aliyeko ng'ambo ya njia ni kama yuko chumba kingine. Huoni uso wake. Ili umfikie ni lazima ufungue mkanda wako na usimame, na wakati wa kupaa na kutua huruhusiwi kusimama.

Kwa hiyo usinunue jina la daraja, nunua mpangilio wa viti. Tafuta ramani ya viti ya ndege ile ile mtakayopanda, na uhakikishe ni aina gani ya ndege, kwa sababu shirika moja linaweza kuwa na aina mbili tatu za viti katika njia ile ile. Ndege yenye viti viwili viwili vilivyoshikana na vinavyotazama mbele moja kwa moja inaweza kuonekana ya kizamani, lakini kwa mama mwenye mtoto mdogo mara nyingi ni bora kuliko ile mpya yenye milango. Ikiwa ni ile ya kimoja kimoja, chukueni jozi ya katikati, na mchunguze kama viti vya jozi hiyo vimesogeleana au vimetenganishwa na meza. Katika baadhi ya ndege mistari hupishana: mstari huu viti vya katikati vimeshikana, unaofuata viko mbali. Qatar Airways walileta mwaka 2017 viti wanavyoviita Qsuite, ambavyo vinne vya katikati huweza kufunguliwa vizuizi vikawa chumba kimoja cha familia. Ukipata kitu cha namna hiyo, kichukue.

Halafu kuna suala la kiti cha gari cha mtoto, yaani kile cha kumfungia garini. Kumnunulia nafasi hakumaanishi kwamba ataruhusiwa kufungiwa kwenye kiti chake cha gari ndani ya nafasi hiyo. Viti vingi vya daraja la biashara vimekaa mshazari, havitazami mbele ya ndege, na vingi vina mkanda mnene wenye mfuko wa hewa ndani yake, unaolipuka wakati wa kishindo. Mkanda wa namna hiyo haufai kuzungushwa kwenye kiti cha mtoto. Mashirika mengine huwa na kipande cha kuongezea kinachozima mfuko huo, mengine hukataa kabisa kiti cha gari katika aina fulani ya viti. Na kwa watoto wa chini ya miaka miwili mashirika mengi huamuru kwamba kama hayumo kwenye kiti chake kilichoidhinishwa, basi apakatwe wakati wa kupaa na kutua, hata kama amelipiwa. Ndiyo maana nakuomba uwapigie simu, uwatajie aina ya ndege, namba ya kiti na jina la kiti cha mtoto lililoandikwa ubavuni, na uwaambie wakuandikie jibu. Jibu la mdomo langoni halina mwenyewe.

Wakikwambia kiti cha gari hakikubaliki daraja la biashara lakini kinakubalika nyuma, mimi ningekaa nyuma. Nasema hivi nikijua fika raha ya kule mbele.

Kile kikapu cha kulalia kinachopachikwa ukutani kisahau. Mtoto wa umri wake ameshakizidi uzito au urefu, na hata kingemtosha, kila taa ya mkanda ikiwaka mnatakiwa mumtoe.

Kiti cha gari kikikubalika, basi nenda, na uende kwa furaha. Faida yake kubwa ni kitanda chako wewe. Mama aliyelala saa nne mfululizo anashuka akiwa mtu mwingine kabisa, na mtoto ambaye mwili wake utamwamsha kwa saa za kule mlikotoka, saa nane za usiku wa kule mlikofika, atakutana na mtu mwenye subira. Pangeni zamu na mumeo kabla ya kupanda, si mkiwa mmechoka. Mmoja akilala, mwingine yuko macho na mtoto, hakuna kulala wote wawili huku kila mmoja akidhani mwenzake anamwangalia. Mkimlaza mtoto kitandani, mkanda upite juu ya blanketi ili mhudumu aone kwamba amefungwa bila kumfunua.

Jambo moja zaidi la viti hivyo, maana nimeliona kwa macho yangu. Vitufe vya kusogezea kiti viko mahali ambapo mkono wa mtoto unafika kabla ya wako, na kiti kikianza kulala hakina haraka wala huruma. Kuna mtoto mmoja, makamo ya mjukuu wangu, alibonyeza kitufe huku dada yake akiwa ameingiza mkono kwenye mwanya kati ya kiti na ubavu wake, akitafuta kalamu ya rangi. Nilikuwa nimesimama pale na trei, nikawahi kumvuta. Mwanzo kabisa wa safari muulize mhudumu kama vitufe vinaweza kufungwa. Kwenye baadhi ya viti inawezekana. Na simu au tableti ikitumbukia kwenye mwanya huo, usikisogeze kiti hata kidogo. Mwite mhudumu. Kiti kikiikandamiza simu, betri yake inaweza kuwaka moto, na moto ndani ya ndege ni jambo la mwisho unalotaka karibu na mtoto.

Masikio yatamuuma zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupaa. Ndege huanza kushuka takriban nusu saa kabla ya kutua, kwa hiyo mwamshe mapema, mpe chupa au titi, ameze ameze. Mtoto aliyelala hamezi vya kutosha, ndipo anapoamka akipiga mayowe uwanja ukionekana dirishani. Kama ana mafua mazito, mwone daktari kabla ya safari. Na usimpe dawa ya mzio ili alale, hata kama rafiki atakuapia kwamba ilimsaidia. Wapo watoto ambao dawa hizo huwachangamsha badala ya kuwalaza, na huko juu hakuna wa kukusaidia.

Hewa ya ndani ni kavu mno, unyevu wake huwa chini ya asilimia 20, hivyo beba matone ya maji ya chumvi ya puani na umpe maji mara kwa mara. Ukiweza kuchagua, Boeing 787 na Airbus A350 huwekwa mgandamizo wa hewa unaolingana na ule wa mwinuko wa futi 6,000, wakati ndege nyingi za zamani hufika 8,000. Mwili hauchoki sana kama kwenye hizo za zamani. Chakula cha mtoto kiagizwe angalau siku moja kabla, la sivyo ataletewa sahani yenye pilipili na jibini lenye ukungu. Maziwa yake hayafungwi na ile sheria ya mililita 100 ya vimiminika kwenye mzigo wa mkononi, ila mtaombwa muyatoe yakaguliwe.

Nimeacha la abiria wengine mwisho kwa sababu naliona dogo kuliko unavyoliona wewe. Wapo watakaokunja uso mkiingia. Wamelipa ili walale, na hofu yao naielewa. Japan Airlines huonyesha kwenye ramani yao ya viti mahali palipochaguliwa na abiria wenye mtoto wa chini ya miaka miwili, ili asiyetaka kukaa karibu achague mbali, na mimi naona hilo ni jema kwa pande zote. Lakini mtoto wako ni abiria. Ana tiketi, ana jina kwenye orodha, ana haki ya kulia sikio likimuuma. Usizunguke ukigawa pipi na vikaratasi vya kuomba radhi kabla hajafanya lolote. Kinachowaudhi watu si kilio, nimewahudumia, nawajua. Kinawaudhi kilio ambacho mzazi amekaa tu anakitazama, na tableti inayopiga kelele bila visikizio, na miguu inayopiga mgongo wa kiti. Ukionekana unahangaika na mwanao, hata yule mwenye uso mkali atakuokotea kiatu kilichoanguka. Na ukizidiwa, njoo jikoni kwa wahudumu. Mwendo wa hatua chache na sura mpya hutuliza watoto wengi, na wenzangu wengi ni wazazi.

Kabla hamjalipa nitumie namba ya ndege, aina yake na viti mnavyovifikiria, pamoja na picha ya kibandiko kilichoko ubavuni mwa kiti cha gari cha mtoto. Nitaitazama jioni ya leo leo. Na mwambie mumeo nimemsalimu sana, na kwamba kuhusu kiti sitabadilisha kauli.

Mama yako