"Har du vært på tur?" Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu Kinorwe cha matembezi

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili, maana miaka tisa iliyopita lilikuwa langu. Umesema kila Jumatatu kazini wanakuuliza "Har du vært på tur?", yaani ulikwenda tur?, nawe unajibu hapana, hujasafiri, na mazungumzo yanafia hapo. Tena kuna mwenzako aliyekwambia "Vi må gå en tur snart", inabidi twende tur hivi karibuni, na hukujua kama anakualika safari au vipi. Kitabu cha kozi kimekupa tur kuwa ni safari, kikakuachia hapo. Nitajibu kwa urefu kidogo, nivumilie.

Kwanza neno safari liweke kando. Safari ya kufunga mizigo ni reise. Tur ni kutoka na kurudi, ni matembezi, na wanaliunganisha na karibu kila kitu: skogstur ya msituni, fjelltur ya mlimani, sykkeltur ya baiskeli, trilletur ya mzazi anayesukuma kigari cha mtoto, na søndagstur, ya Jumapili, siku ambayo maduka mengi yamefungwa na njia za msituni zimejaa watu. Mimi ni wa Tanga. Kwetu mtu akisema "twende tukapunge upepo Raskazone" hakuna anayeuliza tunakwenda kufanya nini huko. Tur ndiyo hiyo, ila hawa wanapunga upepo wao hata kwenye mvua ya Novemba.

Kitenzi chake ni gå, na hapo wengi wetu tunanasa. Sisi kwenda ni kwenda tu, uwe kwa miguu, kwa basi au kwa ndege. Kwa mtu, gå ni miguu. Mwezi wangu wa pili niliwaambia wenzangu "Jeg skal gå til Bergen i helga", nikidhani nimesema nakwenda Bergen wikendi, wakanitazama kwa mshangao, kwa sababu kutoka Oslo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400. Sema dra au reise. Lakini treni "inatembea", yaani inaondoka, saa mbili, toget går klokka åtte, na hali yako pia "inatembea", hvordan går det? Hizo zikariri hivyo hivyo zilivyo.

Gå tur, bila en, ni ile tabia ya kutembea kwa jumla. Gå en tur ni mara moja, na kwa kawaida si ndefu. Ukisikia dra på tur, fikiria begi la mgongoni, chakula, pengine hata kulala huko. Mipaka yake haijachorwa kwa rula, utasikia watu wakichanganya, ila mwenzako aliposema gå en tur hakuwa na maana ya kukata tiketi.

Kuna maneno ya mwendo pia. Spasere ni kutembea kwa utulivu, zaidi mjini. Vandre ni mwendo mrefu. Strekke på beina ni kunyoosha miguu, neno kwa neno kama tunavyosema sisi, na lilinifurahisha sana siku niliyolisikia. Ninalolipenda kuliko yote ni rusle, kutembea polepole bila kukimbizwa na kitu. Sikulipata darasani. Nafanya kazi kwenye makao ya wazee, na kulikuwa na mzee mmoja aliyetembelea rullator, kile kigari cha kujishikiza. Kila siku baada ya chakula aliniambia "Skal vi ta oss en liten rusletur?", twende katembezi kadogo ka polepole? Tukatoka chumbani kwake hadi dirisha la mwisho wa korido, tukasimama kutazama miti, tukarudi. Ilikuwa mita thelathini hivi, na kwake ilikuwa tur kamili. Alikuwa akinishukuru, "Takk for turen", kana kwamba tumeshuka mlimani. Hadi leo nikilisikia neno hilo namwona yeye.

Sasa jambo ambalo sikuambiwa na mtu. En tur hutumika pia kulainisha maneno. Siku moja msimamizi aliniita: "Kan du komme en tur?" Nikaenda kuchukua koti langu nikijua tunatoka nje. Alikuwa anataka niende ofisini kwake mara moja tu. Vivyo hivyo jeg må en tur på butikken, nafika dukani mara moja, na stikk innom en tur, pita kidogo nyumbani. Halafu tur ni zamu vilevile: kwenye foleni, det er min tur ni zamu yangu.

Matamshi yake usiyadharau. Hiyo u si u yetu. Ukilitamka kwa u ya Kiswahili, wao wanasikia Tor, jina la mwanamume. Chongoa midomo kama unayetaka kusema u, lakini ulimi usogee mbele kuelekea i. Fanya mazoezi na msemo wao wa watoto na wakubwa: "Ut på tur, aldri sur", ukiwa matembezini hununi kamwe. Vina vyake vitakufundisha u hiyo kuliko mwalimu. Mwingine utakaousikia ni "Det finnes ikke dårlig vær, bare dårlige klær", hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Mimi niliwapa wetu, mkaa bure si sawa na mtembea bure, na mwenzangu akauandika kwenye karatasi akaubandika kwenye friji ya chumba cha chai.

Jihadhari na liten. Nilialikwa "bare en liten tur", tur ndogo tu, huko Nordmarka, msitu wa kaskazini mwa Oslo, nikaja na raba za kitambaa. Tulitembea saa nne kwenye matope na mizizi. Hakuna aliyenidanganya, udogo ule ulipimwa kwa miguu yao. Kwa hiyo uliza kabla, hawaoni vibaya: Hvor langt er det? Er det bratt? Er det glatt? La kwanza ni kuuliza ni umbali gani. Bratt ni mwinuko mkali. Glatt ni utelezi, na wakati wa barafu huendi bila brodder, vile vyuma vya kuvalisha chini ya viatu. Njia nyingi zimepangwa kwa rangi kulingana na ugumu: kijani ndiyo rahisi, kisha bluu, nyekundu, na nyeusi kwa waliozoea. Siku ile nilipochoka, mwenzangu aliniambia "Det er ingen skam å snu", si aibu kugeuka. Nilidhani ananifariji, kumbe ni moja ya kanuni zao za usalama wa mlimani, fjellvettreglene, na wanaiheshimu kweli. Litumie ukihitaji.

Usiogope pia kwamba unakanyaga ardhi ya mtu. Sheria ya mwaka 1957, friluftsloven, inampa kila mtu haki ya kutembea kwenye msitu na milima isiyolimwa, hata kama ina mwenyewe. Haki hiyo inaitwa allemannsretten, nayo ni yako kama ilivyo yao. Mashamba yaliyolimwa na nyua za nyumba za watu ndizo za kuepuka.

Na njiani utasalimiwa. Yule yule ambaye kwenye treni hakutazami, msituni anasema hei. Mwitikie.

Basi Jumatatu wakikuuliza, hata kama ulizunguka mtaa wako tu, jibu "Ja, jeg gikk en liten tur", ndiyo, nilitembea kidogo. Ni kweli na inatosha. Na huyo mwenzako usimngoje, maana snart yao, ile "hivi karibuni", inaweza kufika mwakani. Mwandikie: "Skal vi gå en tur rundt Sognsvann på søndag? Jeg tar med kaffe." Yaani tuzunguke ziwa Sognsvann Jumapili, kahawa nitaleta mimi. Kama uko Oslo, treni ya T-bane namba 5 inaishia pale pale. Kulizunguka ziwa ni kilomita 3 na ushee, njia ni tambarare, raba zinatosha. Wewe beba chai ya tangawizi pia.