Maswali ya wasomaji: Hii Pasaka ya Kiyahudi kanisani ndiyo aliyokula Yesu?

Jamani mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinagusa kitu kimoja, hii habari ya mizizi ya Kiebrania iliyoingia makanisani, yaani Wakristo kushika sikukuu na desturi za Kiyahudi, basi nimeona nijibu hizi pamoja, za ndoa na mirathi zitasubiri toleo lijalo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa kwaya hapa Dodoma. Kanisani kwetu walikuja wageni wakafundisha wiki nzima, sasa tunaambiwa mwaka huu tutakula Pasaka kama alivyokula Yesu, kuna sahani yenye mfupa na yai na mboga chungu, vikombe vinne, mikate mitatu isiyotiwa chachu, kila familia ichange 30,000. Tena wanasema asiyeshika sikukuu za Bwana wokovu wake ni nusu. Mume wangu hataki hata kusikia. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba mama. Nianze na lililo kweli maana wageni wenu hawajakosea yote. Yesu alikuwa Myahudi, alitahiriwa siku ya nane, wazazi wake walipanda Yerusalemu kila mwaka wakati wa Pasaka, na Mathayo, Marko na Luka wanasema wazi kwamba kile chakula cha mwisho kilikuwa cha Pasaka. (Yohana anaiweka tofauti kidogo, kwake Yesu anasulubiwa siku ya maandalio kabla watu hawajaila, wasomi wanabishana mpaka leo, tuwaachie.) Mtu anayeshiriki Meza ya Bwana miaka yote na hajawahi kukaa chini akasoma Kutoka 12 anakula bila kujua kilichopikwa. Hapo nipo nao kabisa.

Ila hiyo sahani mama, hapo nisikilize vizuri. Pasaka ya wakati wa Yesu ilikuwa ni kondoo. Unampeleka mwanakondoo Hekaluni, anachinjwa palepale, makuhani wanakinga damu wanaimwaga madhabahuni, halafu nyama inachomwa na inaliwa usiku huohuo ndani ya Yerusalemu, mji umejaa watu mpaka vyumba ni vya kuazima, ndiyo maana Petro na Yohana walitumwa wakaandae kile chumba cha orofani. Sasa mwaka 70 majeshi ya Kirumi chini ya Tito yakaliteketeza Hekalu. Tangu hapo Wayahudi hawana pa kumchinjia kondoo wa Pasaka, na marabi, walimu wao wa dini, ikabidi waipange upya iwe ibada ya mezani nyumbani, na kazi hiyo wameifanya kwa ustadi mkubwa, watoto wanauliza maswali, baba anajibu kwa hadithi ya Misri. Mishna, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya marabi uliokamilika mnamo mwaka 200, ndiyo inayosema hata maskini kuliko wote katika Israeli asipewe pungufu ya vikombe vinne. Hagada, kile kitabu wanachokifuata ukurasa kwa ukurasa usiku huo, nakala kamili za kwanza tunazozijua ni za karne ya 9 na ya 10. Na ule mfupa mliouonyeshwa uko pale kwa sababu kondoo hayupo! Ni ukumbusho wa sadaka isiyotolewa tena, na familia nyingi za Wayahudi wenye asili ya Ulaya usiku huo hawagusi hata nyama ya kuchoma, mtu asije akadhani wanajifanya wana Hekalu.

Kwa hiyo meza mtakayoandaliwa ni ya Wayahudi waliolia Hekalu lao wakatafuta namna ya kuendelea kuishi. Kuiita ya Yesu si kweli, na kuibandika maana za Kikristo juu, mara mikate mitatu ni Utatu, wakati wenyewe wana maelezo yao (wengi husema kuhani, Mlawi na Mwisraeli), ni kumvalia mwenzako kanzu yake halafu umwambie imekushonewa wewe. Mkialikwa na familia ya Kiyahudi nendeni, mkae, msikilize, ni heshima kubwa.

Mwenye hamu ya kuona Pasaka ya damu na moto leo atafute picha za Wasamaria, wapo hawafiki 1,000 duniani, wengine wanakaa mlima Gerizimu juu ya Nablus na wengine Holon karibu na Tel Aviv, kila mwaka wanakusanyika mlimani wamevaa nyeupe, wanachinja kondoo jioni na kuwachoma kwenye mashimo ya moto.

Sasa kipo kitu cha usiku ule ambacho tunacho mkononi na hakuna anayekichangisha. Mathayo 26:30 inasema walipokwisha kuimba wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Kuimba nini? Desturi ya Kiyahudi ya Pasaka tangu zamani ni Haleli, Zaburi 113 mpaka 118. Mishna inatuonyesha hata wanafunzi wa Shamai na wa Hileli, wale walimu wawili wakubwa wa Kiyahudi, wakibishana, kabla ya kula tuishie 113 au tufike 114, sehemu iliyobaki inaimbwa baada ya chakula. Basi mama fungua Zaburi ya 118 uisome kana kwamba mwimbaji ni mtu ambaye kesho anauawa. Sitakufa bali nitaishi. Jiwe walilolikataa waashi. Ifungeni dhabihu kwa kamba pembeni mwa madhabahu. Halafu watu wale wakashuka kwenye giza la bonde la Kidroni. Wewe ni wa kwaya, ifanyieni mazoezi hiyo muiimbe Alhamisi Kuu, na mtakuwa karibu na chumba cha orofani kuliko sahani yoyote.

Kuhusu wokovu nusu, hilo lilishaamuliwa zamani na Wayahudi wenyewe. Soma Matendo 15. Mitume wamekaa Yerusalemu, hoja mezani ni kama watu wa mataifa wanaomwamini Yesu watahiriwe na kushika torati ya Musa, mjadala ukawa mkali, Petro akasema, Yakobo akafunga kikao, wakaandika barua yenye mambo manne tu, vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama za wanyama walionyongwa, na uasherati. Sikukuu hazimo. Paulo naye akawaambia Wakolosai mtu asiwahukumu kwa ajili ya sikukuu, mwandamo wa mwezi au sabato. Na huyohuyo Paulo, wenye kiburi upande wa pili aliwaonya katika Warumi 11, ninyi ni matawi ya mzeituni mwitu mmepandikizwa, shina ndilo linalowabeba, kwa hiyo anayewadharau Wayahudi naye hajaelewa kitu.

30,000 mama usigombane na baba watoto kwa ajili yake. Kaeni nyumbani msome Kutoka 12 na Luka 22 pamoja, naamini hiyo hataikataa.

Swali: Mwalimu mambo, mimi kijana wa Iringa. Tunataka kununua shofa kwa ajili ya maombi, kuna jamaa anauza ile ndefu iliyojisokota, anasema ni ya upako kutoka Israeli. Je ni sawa?

Jibu: Poa mdogo wangu. Shofa ni baragumu la pembe ya kondoo dume, Wayahudi wanalipiga hasa mwaka mpya wao na katika mwezi wa toba unaoutangulia, sauti fupi fupi kama kwikwi ya mtu anayelia. Ile ndefu iliyojisokota ni mtindo wa Wayahudi wa Yemeni, na pembe yenyewe ni ya tandala mkubwa. Tandala! Huyo huyo wa Ruaha hapo jirani yako, kwa hiyo usishangae kama "Israeli" ya huyo jamaa iko njia ya kwenda Pawaga. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania inataka uwe na hati ya kumiliki nyara ya namna hiyo, ukikamatwa nayo bila hati watu wa maliasili hawatakuuliza habari za ukuta wa Yeriko. Pembe ya kondoo wa nyumbani haina shida hiyo, ila upako haupo ndani ya pembe, na hakuna Myahudi anayefundisha kwamba upo. Nunueni gitaa.

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Kama Yesu alikufa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, mbona yetu na yao haziangukii pamoja? Mwaka 2024 yetu ilikuwa tarehe 31 Machi, yao nasikia mwisho wa Aprili. Ni Konstantino alibadilisha? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Ameni. Hili swali ni tamu na Konstantino, yule kaisari wa Roma, anasingiziwa kidogo, ugomvi ulikuwepo miaka mingi kabla hajazaliwa. Makanisa ya Asia Ndogo yaliadhimisha tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa Pasaka katika kalenda ya Kiyahudi, siku ileile ya Wayahudi, iwe Jumatatu iwe Ijumaa, wakidai ndivyo walivyopokea kwa mtume Yohana. Roma walisubiri Jumapili. Polikarpo, askofu wa Smirna, alikwenda Roma akiwa mzee kuongea na Aniseto, askofu wa huko, hakuna aliyemshawishi mwenzake, wakashiriki ekaristi pamoja wakaagana kwa amani. Baadaye, kama mwaka 190, Viktori, askofu wa Roma, akataka kuyatenga makanisa yote ya Asia, Irenayo, askofu wa Lyon, akamwandikia kumtuliza, akamkumbusha wazee wenu walitofautiana na hawakutengana. Mimi huwa naona kama kuna watu wa kuiga katika hadithi yote hii ni wale wazee wawili, Polikarpo na Aniseto.

Konstantino anaingia mwaka 325, Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, ikaamuliwa makanisa yote yawe na Jumapili moja na yasitegemee hesabu ya Wayahudi. Barua aliyoisambaza baadaye ina maneno makali sana juu ya Wayahudi, ya kutia aibu, na hilo hatuwezi kulifunika. Kanuni iliyokuja kukaa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia tarehe 21 Machi, mwezi wa hesabu za kanisa siyo wa kutazama angani. Wayahudi kalenda yao inafuata mwezi lakini lazima Pasaka ibaki majira ya kuchipua ya kwao, kwa hiyo katika kila miaka 19 wanaongeza mwezi wa 13 mara 7. (Kalenda ya Kiislamu haiongezi, ndiyo maana Ramadhani inazunguka mwaka mzima.) Mwaka 2024 ulikuwa wa miezi 13 kwao, Pasaka ikasogea hadi jioni ya tarehe 22 Aprili, na Waorthodoksi wanaotumia kalenda ya zamani wakaila tarehe 5 Mei. Mwaka 2025 Wakatoliki, Waprotestanti na Waorthodoksi wote walikutana tarehe 20 Aprili.

Swali: Siku ya ibada ni Jumamosi au Jumapili? Jibu fupi tafadhali. (Msomaji, Same)

Jibu: Ungekuwa wa mkoa mwingine ningekwepa, ila nyie Upareni mmeanza kuwa na Wasabato tangu 1903 kwa hiyo mnalijua hili kuliko mimi. Sabato ya Biblia ni siku ya saba, hakuna ubishi. Sheria ya Konstantino ya mwaka 321 ilifanya Jumapili siku ya mapumziko, huku wakulima wakiruhusiwa kuendelea na shamba, lakini Wakristo walishakuwa wanakutana Jumapili muda mrefu, Yustino, mwandishi Mkristo wa zamani, anaeleza ibada hiyo kwenye miaka ya 150. Wahabeshi wa Orthodoksi wao wanaziheshimu zote mbili, mfalme wao Zara Yakobo aliwamalizia ugomvi huo mwaka 1450.

Swali: Nasikia Uganda kuna Waafrika walioanza na Biblia wakaishia kuwa Wayahudi. Ni kweli au ni stori za vijiweni?

Jibu: Ni kweli kabisa, wanaitwa Abayudaya, wako maeneo ya Mbale. Mwanzilishi wao Semei Kakungulu alikuwa mkuu wa vita Mganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, alikuwa Mprotestanti, akakosana nao, akawa anasoma Biblia kwa makini na kuuliza mbona tunayoyasoma kwa Musa hatuyafanyi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Mwanzoni alibaki na mambo kadhaa ya Kikristo, akayaacha polepole baada ya kukutana na Wayahudi wenyewe, mpaka akamwacha na Yesu pia, akafariki 1928. Enzi za Idi Amin walipigwa marufuku wakasali kwa kificho, wengi wakaondoka, waliobaki wakaishikilia. Tofauti yao na wageni wa Dodoma unaiona, hawa wameingia mzima mzima na hawadai kwamba ni Ukristo. Ukitaka kuwatembelea omba ruhusa kwanza, na kama ni Jumamosi simu na kamera viache mfukoni.