Mkirudiana, kaseti ya zamani iacheni nyumbani

Kama bendi yenu ilivunjika zamani na sasa mnataka kurudiana, kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi sikilizeni albamu ya Zango ya WITCH, bendi ya roki ya saikedeliki kutoka Zambia. Mimi niliisikia nikiwa nimekwisha kuharibu.

Sisi tulipiga benga Kondele, hapa Kisumu. Mpiga solo wetu alipofariki, tukatawanyika. Miaka ikapita, tukaitana tena, tukampata kijana mwenye vidole vyepesi sana. Tukampa kaseti yetu, tukamwambia apige vilevile. Pale waimbaji wanaponyamaza na gita kubaki peke yake, ndipo tulipomtesa: akiongeza chochote chake, tunamsimamisha. Baada ya miezi minne akaacha kuja. Hakukosea. Tulikuwa tunamlilia marehemu kupitia mikono ya mtoto wa watu.

WITCH walivuma Zambia miaka ya 1970, magita yakikwaruza, mtindo ulioitwa Zamrock. Kisha wengi wakafariki, UKIMWI ukiwamo katika yaliyowamaliza. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, akaingia machimboni kutafuta vito. Kutoka Kuomboka ya 1984 hadi Zango ya 2023 hawakutoa albamu.

Mzee Jagari hakutafuta watu wa kuigiza wenzake. Alimrudisha Patrick Mwondela, mpiga kinanda aliyejiunga miaka ya 1980, akawachukua wanamuziki wa Ulaya, akiwemo Jacco Gardner wa Uholanzi kwenye besi, na akamkaribisha Sampa the Great, binti wa Zambia anayerap. Lakini walirekodi Lusaka, katika DB Studios walikorekodi enzi zao. Mahali pa zamani, mikono mipya. Sauti ya Jagari imezeeka na hajaificha, na mimi naipenda hivyo kuliko ile ya ujana.

Kwa hiyo nasema: andikeni nyimbo mpya kwanza, hata mbili tu. Za zamani zitafuata, na mgeni azipige anavyozisikia yeye. Na kama mmoja wenu yuko kaburini, mtajeni kwa jina kabla ya mazoezi, mumlilie waziwazi, ndipo mshike vyombo.

Kijana nilimfuata kwao nikamwomba radhi. Amerudi. Solo yake inaingia mapema kuliko ya marehemu, na tumeiacha iingie.