Barua kwa mwanangu: huyo François uliyeniuliza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, ule uliotuma ulipotoka kwenye jumba la Chambord huko Ufaransa, unauliza "baba, huyu François wa Kwanza wa Ufaransa alikuwa mfalme mzuri au mfujaji tu aliyependa mapicha?" Nimeona nikuandikie kabisa, maana kwenye simu tungeishia njiani, na huyu mtu nimemsoma miaka mingi na bado ananiumiza kichwa.

Tuanzie hapo hapo Chambord. Ile ngazi ya katikati umeipanda, si ndiyo? Ni ngazi mbili zimejisokota pamoja, mwenzio anashuka wewe unapanda, mnachunguliana kwenye vidirisha lakini hamkutani. Jumba lilianza kujengwa 1519, vyumba zaidi ya 400, na mwenyewe maisha yake yote kalala pale wiki chache tu, tena kila akija fanicha zinakuja naye kwenye mikokoteni na akiondoka zinaondoka naye, jumba linabaki tupu. Na yule salamanda, mnyama mfano wa mjusi, uliyemwona amechongwa kwenye dari ndiyo nembo yake. Alitaka kila ukuta useme jina lake.

Ila mapenzi yake kwa sanaa usiyatilie shaka hata kidogo. Alipata ufalme 1 Januari 1515 akiwa na miaka 20, Septemba ya mwaka huo huo akashinda vita vya Marignano huko Italia akauchukua mji wa Milan, na huko ndiko aliporogwa kabisa na kazi za wale mafundi. Akamwita Leonardo da Vinci, mzee wa miaka zaidi ya 60, akampa nyumba Amboise jirani na kasri lake na posho ya kueleweka, mzee akafia hapo 2 Mei 1519 (ile hadithi ya kufia mikononi mwa mfalme wewe isikilize tu, usiiandike kwenye kazi yako ya chuo). Ule mchoro wake wa Mona Lisa kuwa kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, leo chanzo ni mfalme huyu. Baadaye akawaleta wachoraji wa Kiitalia Rosso na Primaticcio wapambe kasri lake la Fontainebleau, sonara Cellini naye akamtengenezea kile chombo cha chumvi cha dhahabu ambacho siku hizi kiko Vienna.

Sasa njoo kwenye vita vya Pavia, Italia, 24 Februari 1525. Alikuwa na mizinga mizuri inawapiga maadui vizuri tu, yeye akaona sifa zitampita, akaongoza wapanda farasi mbele ya mizinga yake mwenyewe, wapigaji wakashindwa kuendelea kupiga maana mfalme yuko katikati. Farasi wake akauawa, yeye akakamatwa, akapelekwa Madrid kwa hasimu wake Kaisari Charles wa Tano, ambaye pia ndiye mfalme wa Hispania. Januari 1526 akasaini mkataba wa kumwachia Charles jimbo la Burgundy, na kabla ya kusaini alishaweka kiapo cha siri kwamba hatoutimiza. Ili atoke ikabidi atoe rehani, na rehani yenyewe ni wanawe wawili.

Hapa ndipo ninaposimamaga kila nikisoma. François mdogo miaka 8, Henri anakaribia 7, mama yao Claude alishafariki 1524. Walibadilishana kwenye mto Bidasoa, mpakani, 17 Machi 1526, katikati ya maji kumewekwa jukwaa linaloelea, mashua ya baba inatoka upande wa Hispania, ya watoto inatoka Ufaransa, wakakutana hapo dakika chache tu kisha kila mtu akaenda upande wake. Inasimuliwa kuwa baba alipofika ng'ambo akapanda farasi akipiga kelele kwamba ni mfalme tena. Akakataa kuitoa Burgundy, kama alivyopanga, na kila alivyozidi kukataa watoto wakazidi kubanwa. Mtumishi aliyetumwa kuwaona 1529 aliwakuta kwenye ngome ya Pedraza huko Hispania, chumba cha giza, magodoro ya majani makavu, na yule mkubwa alipoongeleshwa Kifaransa hakukielewa tena, akataka aambiwe kwa Kihispania. Mtoto aliyetakiwa kuja kuwa mfalme wa Ufaransa! Walitoka Julai 1530, kwa fidia ya ekyu (sarafu za Ufaransa) milioni 2 za dhahabu, na amani yenyewe ilipatanishwa na wanawake wawili, Louise mama yake François na Margaret shangazi yake Charles.

Hela hizo nani alilipa? Wakulima, kwa kodi. Vyeo vya serikali navyo vilikuwa vinauzwa, na mzee Semblançay aliyekuwa anamtafutia hela mfalme akanyongwa 1527.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili, mimi simgawi vipande viwili, mpenda sanaa huku na mfujaji kule. Ni tabia ile ile moja, kutaka kitu kizuri sasa hivi na kuonekana nacho, bili atalipa mwingine, ndiyo iliyojenga Chambord, ikamkimbiza mbele ya mizinga, ikawaacha wale watoto Pedraza.

Kinachonitatiza ni upande wa vitabu, maana hapo kuna mahali aliwaza mbali. 1530 aliweka walimu wa Kigiriki na Kiebrania wanaolipwa na mfalme, ndiyo Collège de France ya leo. 1537 akaamuru kila kitabu kinachochapwa nakala ipelekwe maktaba yake, na 1539 akaagiza mahakama zitumie Kifaransa na mapadri waandike ubatizo kwenye madaftari. Lakini ni huyo huyo ambaye, baada ya matangazo ya Waprotestanti ya kuipinga misa ya Kikatoliki kubandikwa hadi mlangoni pa chumba chake Oktoba 1534, aliacha watu wachomwe moto na Januari iliyofuata akapiga marufuku uchapaji wote kwa muda. Na 1545 vijiji vya Wavaldo, kundi la Wakristo lililohesabiwa wazushi, huko Mérindol vikateketezwa kwa idhini yake.

Mwanawe mkubwa alifariki 1536 ana miaka 18. Henri ndiye aliyerithi ufalme baba yake alipofariki, 31 Machi 1547, siku anayotimiza 28.

Mama yako anakusalimu sana. Ukienda Fontainebleau nipigie picha ile korido ya Rosso, hasa nakshi za plasta zilizozunguka michoro, na upige kwa karibu.

Baba yako