Mkombozi anawajibika kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: je, jeshi la kigeni lina haki ya kuvuka mpaka ili kuokoa raia wanaouawa na serikali yao wenyewe? Kisheria jibu ni hapana, isipokuwa kwa njia mbili. Ila kwangu mimi haki ya kuingia si sehemu ngumu ya swali. Ngumu ni kwamba anayeingia hawajibiki kwa wale aliosema anawaokoa.

Nianze na hizo njia mbili. Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 inakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine. Ibara ya 51 inaruhusu kujilinda ukishambuliwa, na Sura ya 7 inaruhusu Baraza la Usalama kutoa idhini: kura 9 kati ya 15, bila kura ya turufu (ya kuzuia azimio) ya yeyote kati ya wale wakubwa watano: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Huruma haimo. Afrika iliongeza njia yake mwaka 2000, katika Ibara ya 4(h) ya Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika, inayoruhusu Umoja kuingilia kati pakiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo liliidhinisha kikosi cha askari 5,000 kwenda Burundi. Serikali ya Bujumbura ikakataa, na Januari 2016 wakuu wa nchi wakaliacha jambo lenyewe. Sioni ajabu. Kila rais aliyeketi pale alijua kwamba ibara hiyo ingeweza kumgeukia yeye siku moja.

Watu wengi wakitaja mfano wa vita vya ukombozi hutaja wetu sisi Waganda, wa 1979, Tanzania ilipomng'oa Rais Idi Amin. Tuutazame vizuri. Rais Nyerere wa Tanzania hakusema anakuja kuwaokoa Waganda. Alisema nchi yake imevamiwa, na kweli majeshi ya Amin yaliingia Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mwishoni mwa Oktoba 1978. Waganda walikuwa wakiuawa miaka yote iliyotangulia. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana Uganda aliuawa Februari 1977, na hakuna jeshi lililovuka mpaka kwa ajili yake. Hata kwa hoja ya kujilinda, Tanzania ililaumiwa na Sudan na Nigeria katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa Monrovia, Julai 1979.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, chini ya miezi sita tangu uvamizi wa Kagera. Kilichofuata ndicho wapenzi wa mfano huu hukiruka. Serikali mpya ilipangwa Moshi, Tanzania, mwezi Machi, na waliochagua walikuwa wakimbizi na wanasiasa walioalikwa, si wananchi waliokuwa ndani. Rais wa kwanza aliyetokana nayo, Lule, alidumu siku 68. Mrithi wake, Binaisa, aliondolewa Mei 1980, uchaguzi wa Desemba ukagombaniwa, na Februari 1981 vita vya msituni vikaanza huku baadhi ya askari wa Tanzania wakiwa bado nchini. Silaha zinaweza kumng'oa mtawala. Swali la nani amrithi, na kwa kibali cha nani, haziligusi, na asiyekuwapo na lake halipo.

Libya ya 2011 inaonyesha kasoro ya pili, ya kiufundi zaidi. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, la tarehe 17 Machi, lilipita kwa kura 10, nchi tano zikijizuia. (Gabon, Nigeria na Afrika Kusini zilisema ndiyo, jambo linalosahaulika upesi siku hizi.) Liliruhusu "hatua zote zinazohitajika" kulinda raia, likakataza jeshi la kukalia nchi. Sasa fikirini: ndege haiwezi kusimama mlangoni mwa hospitali wala kusindikiza watu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Inachoweza ni kulipua kifaru na ghala la silaha. Macho ya ardhini yanabaki ya waasi, na kila shabaha iliyopigwa inawasogeza wao mbele. Kwa hiyo kulinda raia kutoka angani, vita vikiwa vya pande mbili, huishia kuwa msaada kwa upande mmoja hata kama waliopiga kura hawakukusudia hivyo. Ujumbe wa marais wa Umoja wa Afrika, ambao Uganda ilikuwa mjumbe wake, ulinyimwa ruhusa ya kuruka kwenda Libya tarehe 20 Machi. Ulipofika Aprili, Gaddafi, mtawala wa Libya, alikubali mpango wao wa amani, waasi wa Benghazi wakaukataa. Na kwa nini wasikatae wakati walikuwa na ndege juu yao?

Wapo watakaonijibu kwa neno moja: Rwanda, kwenye mauaji ya kimbari ya 1994. Lakini Rwanda kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwepo tayari, kihalali, askari wapatao 2,500. Mauaji yalipokwisha kuanza, Baraza la Usalama kwa azimio la tarehe 21 Aprili 1994 lilikipunguza hadi 270. Sheria haikumfunga mtu mikono pale. Kilichokosekana ni nia.

Tena msidhani balaa huja na bunduki peke yake. Kuanzia 1996 serikali ya Uganda iliwaamuru Waacholi, watu wa kaskazini mwa nchi, waingie kambini kwa jina la ulinzi, na amri ikarudiwa 2002. Watu waliotengwa na mashamba yao hawali bila malori ya chakula, na malori yalikuja, ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Yaliokoa maisha, sikatai. Yaliwezesha pia kambi zidumu miaka. Uchunguzi wa 2005 katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader ulikadiria vifo vya ziada kama 1,000 kila wiki, malaria na Ukimwi vikiwa juu katika orodha ya sababu. Profesa Mahmood Mamdani, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Makerere, amesema kwa muda mrefu kwamba lugha ya kuokoa humgeuza raia mwenye haki kuwa mtu wa kulelewa. Kambi zile zilikuwa hivyo hasa: mgao ulikuja bila mpokeaji kuulizwa kama anataka kurudi nyumbani.

Hesabu ya uwajibikaji ni fupi mno. Haiti, kipindupindu kilichoingia 2010 kupitia kambi ya walinda amani kiliua karibu watu 10,000, na mahakama za Marekani zikaamua Umoja wa Mataifa una kinga. Kesi adimu iliyofika mwisho ni yetu, nasi tulikuwa washtakiwa. Uganda ilidai ilikuwa Kongo kwa kujilinda; Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikakataa mwaka 2005, na Februari 2022 ikaamuru fidia ya dola milioni 325: 225 kwa madhara kwa watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili, zilipwe kwa mafungu matano ya kila mwaka. Kutoka kufungua kesi hadi kiasi kutajwa ni karibu miaka 23.

Kwa hiyo azimio lijalo likisomwa redioni, sikilizeni kama lina tarehe ya kwisha, kama limetaja mahali pa raia kupeleka malalamiko, na fedha za fidia zitatoka mfuko gani. Tume ya Umoja wa Mataifa ilichunguza mashambulizi 20 ya ndege za NATO (muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi) nchini Libya, na katika matano ikakuta raia 60 wameuawa na 55 kujeruhiwa. Azimio namba 1973 halikusema jamaa zao waende wapi.